Walisema ni Uzee

Watu wa mtaani wanasema mkwe wangu alifukuzwa kazi. Wengine wanasema aliiba sampuli za dawa akaziuza, ndiyo maana gari la kampuni halionekani tena langoni na yeye anapanda basi kama sisi. Na jirani yangu, ambaye chumvi ikimwishia anajua vizuri njia ya jikoni kwangu, kasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyemchongea kwa bosi wake, eti mama mkwe na mke wa mwana hawaivi hata siku moja. Ebo! Mimi? Basi kaeni vizuri niwaambie, maana nimenyamaza vya kutosha, na kunyamaza kwenyewe sikujaaliwa.

Mkwe wangu ni mke wa mwanangu wa mwisho, yule fundi wa friji. Tunaishi nyumba moja, wao vyumba vya mbele, mimi chumba cha uani chenye dirisha la jikoni, kwa hiyo hakuna linalosemwa mezani nisilisikie. Alikuwa mwakilishi wa kampuni ya dawa. Kazi hiyo watu hawaijui. Si kukaa duka la dawa na koti jeupe. Yeye alizunguka hospitali na zahanati na begi lake begani, akiwaeleza madaktari habari za dawa za kampuni yao, ili daktari akimpata mgonjwa wa kumfaa aandike hiyo na si nyingine. Mtaani wakampachika jina, Dokta Begi. Mtu akiumwa jino, mlango wetu unagongwa. Anatoka na kanga yake ya ndani, anawaambia, "Jamani, mimi si daktari, nendeni hospitali," na bado anawapa kiti na maji ya kunywa, anasikiliza jino zima mpaka mwisho.

Namna yenyewe ya kufanya ile kazi niliiona kliniki. Nina presha, nahudhuria hospitali ile kubwa kila mwezi. Siku moja nimekaa kwenye benchi, foleni haisogei, nikamwona kasimama ukutani pamoja na wenzake wawili wenye tai. Hawaruhusiwi kukaa kwenye benchi la wagonjwa, wanasimama tu. Mgonjwa akitoka, muuguzi anampungia mkono mmoja wao, huyo anaingia mbele yetu sote. Bibi mmoja kando yangu akasonya, "Hao wauza dawa wameshaanza kutupita." Nikajifanya simjui mkwe wangu. Na yeye, kwa adabu zake, akajifanya hanijui. Alipoitwa aliingia, akatoka kabla sijaipata miwani yangu ndani ya pochi.

Nyumbani nikamuuliza, "Umesema nini mle ndani kwa muda ule? Hata salamu haitoshi."

Akacheka. "Mama, daktari hana nafasi ya kutusikiliza. Akimaliza mgonjwa ananawa mikono. Basi mimi nasema wakati ananawa. Akifunga bomba, nimemaliza."

Nilidhani utani. Kumbe ndiyo kazi yenyewe! Dawa mpya ikitoka, mwanangu anasimamishwa kwenye sinki la jikoni, anaambiwa anawe taratibu, na mkewe anasimama nyuma yake anatoa hotuba. Inatibu nini, inamezwa mara ngapi, ina uzuri gani kuliko ile ya wenzao. Mwanangu akifunga bomba kabla hajamaliza, wanaanza upya. Ile miaka yote mwanangu alikuwa na mikono misafi kuliko daktari yeyote, yeye ambaye kazi yake ni grisi. Tulikuwa tunacheka sana. Sasa nikikumbuka sicheki.

Maana mwaka ule kilikuja kidonge kipya cha presha, cha boksi la kijani. Kampuni ikakipigia debe si mchezo. Wawakilishi wote wakaitwa hotelini, wakalishwa, wakapewa kalamu na fulana, mkwe wangu akavikwa kilemba cha ukoka na bosi wake mbele ya watu, eti yeye ndiye nguzo ya kampuni. Bosi huyo mimi nilimwita Bwana Tabasamu, kwa sababu nilimwona mara moja tu, alipoleta lile gari, na muda wote aliokaa sebuleni kwangu meno hayakufunikwa. Mkwe akarudi, mwanangu akanawa mikono wiki nzima, na kidonge kikaenda kwa madaktari. Haikupita miezi mingi daktari wangu akaniandikia na mimi. "Hiki kizuri, mama," akaniambia. "Mkwe wako ndiye aliyenifundisha." Nilitoka kichwa juu, nikimtazama kila mtu wa kwenye benchi.

Presha ilishuka, siwezi kusema uongo. Lakini miguu! Miguu yangu mimi, niliyokuwa naringia! Ilianza kwenye vifundo, ikapanda. Viatu vya kutokea nikaviacha, nikawa navaa ndala za mwanangu. Jioni nikikaa ninaibonyeza kwa kidole, pale nilipobonyeza panabaki shimo. Sikumwambia mtu nyumbani. Mkwe alikuwa mbio huku na huku, sikutaka aone namtia mkosi kwenye dawa yake. Nilimwambia daktari, ndiye mwenye kazi yake. Alikuwa anaandika. Akanijibu vizuri tu, hata kwa huruma.

Sasa lazima mjue jambo moja. Mimi mpaka nastaafu nilikuwa opereta wa simu kwenye ofisi kubwa. Nimeunganisha mabosi na wadeni wao, wake na waume zao, na nimesikia kila aina ya uongo ukipita sikioni mwangu. Mtu anayesema lake na mtu anayesoma alichoandikiwa, nawajua kwa pumzi tu. Na daktari aliponijibu siku ile, nikasikia pumzi ya kusoma. Nikajiambia, lakini huyu hana karatasi mbele yake, anasoma wapi?

Jioni tumekaa mezani, watatu, mwanangu akaniuliza mbona nimevaa ndala zake. Nikaona basi nigeuze utani. Nikasema, "Nimeambiwa nimezeeka rasmi. Daktari kasema, 'Ni uzee tu, mama. Kwa umri wako damu inachelewa kupanda…'"

Na mkwe wangu, kijiko kikiwa hewani, akamalizia: "'…ikifika chini inapumzika kidogo.'"

Neno kwa neno. Hata ule mpumuo wa kabla ya "inapumzika."

Hakuna aliyecheka. Kijiko kilirudi kwenye sahani. Akainuka, akaja akachuchumaa mbele yangu, akaishika miguu yangu akaibonyeza, akaangalia lile shimo. Nikamwona rangi inamtoka.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, uzee wangu?"

"Si uzee," akasema, na hapo akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mumewe. "Si uzee, Mama. Ni kidonge."

Ndipo nikayasikia ya hotelini. Kidonge kile kinavimbisha miguu ya baadhi ya watu. Kampuni inajua. Ndani ya boksi mna karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ya maandishi ya kuhitaji tochi na miwani miwili, na jambo hilo limo humo. Lakini Bwana Tabasamu aliwaambia, hilo msilianze nyinyi. Mkiulizwa na daktari, semeni ni uzee. Na maneno yenyewe wakapewa, wakayarudia kwa pamoja mle ukumbini, kama darasa la kwanza. Mkwe alijua. Alikuwa ameisoma ile karatasi. Alipouliza kwa nini wasiseme tu, akaambiwa madaktari wenyewe ni wasomi, wanajua kusoma, na akaona haya kuendelea kuuliza mbele za watu.

Jamani, nilichemka! Nilimfokea sana, sifichi. "Uzee! Mnaukodisha uzee wetu kuuzia dawa? Mimi nimekula chumvi, nimezika mume, nimelea watoto wanne, leo uzee wangu umekuwa kifuniko cha makosa ya kampuni?" Mwanangu akasema, "Mama, taratibu, presha." Nikamwambia presha gani tena, si nimeshapewa kidonge! Nikaingia chumbani nikabamiza mlango. Lakini hata nikiwa mle ndani nilijua ninayemfokea ndiye pekee aliyeishika miguu yangu.

Kesho yake, kabla hajaondoka, mkwe akanigongea. Akaniambia nisiache dawa kwa hasira, nimeze mpaka daktari abadilishe, maana presha kuachiwa hivihivi ni hatari. Kisha akaenda ofisini kwa Bwana Tabasamu kuomba kitu kimoja tu, arudi kwa madaktari wake wote awaambie ukweli. Bosi akatabasamu. Akamwambia targeti ya mauzo ya kampuni haiwezi kuangushwa na ndala za bibi mmoja. Halafu akamwambia, na hili mkwe alinirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini: "Kama tatizo ni mama mkwe wako, mwambie daktari ambadilishie yeye, kimyakimya."

"Na wale wengine?" akamuuliza.

"Wale si wakwe zako."

Mnanisikia lakini? Wale si wakwe zako! Mtu amesoma, amevaa saa, ana mama yake mahali fulani, anatoa maneno hayo mdomoni na mate hayamkauki!

Sasa ilikuwapo kampuni nyingine iliyokuwa ikimnyemelea mkwe wangu kwa muda. Hawa hawauzi dawa. Wanauza vifaa vya hospitali: vitanda vya wodini, mitungi ya hewa, mashine za kusimama kando ya kitanda zinazopima presha na mapigo ya moyo zenyewe. Kulikuwa na dada mmoja wa huko, mchangamfu, anayeongea haraka, alikuwa akimpigia simu kila mara. "Njoo huku, dada, unajulikana kila hospitali." Mkwe alikuwa akimpiga chenga. Baada ya maneno ya Bwana Tabasamu, akampigia yeye mwenyewe.

Nyumbani kukawa na mkutano wa kila siku. Mwanangu hakutaka. Nami simlaumu, alisema ya mtu mwenye akili zake. Gari litarudi. Bima inayotutibu sote itakwisha, mimi nikiwamo. Dawa anazijua kwa majina na kwa harufu, mashine hajui hata zinawashwa wapi. "Na huko nako si ni kuuza tu?" akamuuliza. "Unadhani huko hawana hoteli?" Mkwe alikuwa anakaa mezani anakunja kitambaa cha sahani, anakikunjua, anakikunja. Alitaka jambo moja tu, na alilisema mpaka likanichosha: asije tena kutia maneno kwenye mdomo wa mtu, maneno ambayo yeye mwenyewe akiyasikia nyumbani kwake yanamliza.

Dada wa mashine akamwambia aje kwanza afanye jaribio. Akafundishwa mashine siku kadhaa, halafu akapelekwa kuionyesha mbele ya kamati ya ununuzi ya hospitali. Hospitali gani? Hiyo hiyo yangu! Na kwenye kamati yumo nani? Daktari wangu wa presha, pamoja na mhasibu, na muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene wa miwani anayeitwa na kila mtu Sista Mkuu.

Aliporudi nilikuwa nachambua mchele. Akakaa chini kwenye kigoda, akavua viatu, akasema, "Mama, nimeaibika."

"Mashine imegoma?"

"Mashine ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyegoma."

Walimwekea kiti, hakukaa. Hakukumbuka kwamba mtu anaweza kukaa. Akasimama, akaanza, macho yote kwa daktari. Mhasibu hakumtazama, Sista Mkuu hakumtazama. Daktari peke yake, na hasa mikono yake. Basi daktari, masikini, akasikia baridi, akaisugua mikono yake. Mkwe wangu alipoona mikono inasuguana, akaongeza kasi kama kawaida. Daktari akaiweka mikono mezani. Mkwe akasema, "Asanteni sana," akafunga begi.

Watu walikuwa ndiyo kwanza wanavuta viti! Mhasibu akauliza, "Ndiyo imeisha?" Mashine yenyewe haijawashwa.

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Naye akacheka, machozi yanamtoka. Halafu akaendelea, akawa hacheki tena. Alipokuwa anatafuta mlango, Sista Mkuu akamwambia, "Binti, rudi. Kaa." Akakaa. "Mimi ndiye nitakayekuwa nayo wodini, si hawa. Ikiharibika mgonjwa akiwa kitandani, fundi anakuja lini?"

Katika kazi yake yote ya dawa, hakuna aliyewahi kumuuliza swali bomba likiwa limeshafungwa. Akamjibu, "Sijui, sista. Nitauliza nikuambie."

Nje, yule dada wa mashine alimwakia. "Hujui? Nani anasema hajui? Ukiulizwa, sema siku hiyohiyo!"

"Na ni kweli siku hiyohiyo?"

"Fundi yuko nchi nyingine, anakuja akipata nafasi. Wiki tatu, mwezi. Lakini hilo huanzi nalo, dada."

"Unaona?" mkwe akaniambia pale kwenye kigoda. "Wimbo uleule, Mama. Mume wangu alisema kweli. Nitoke huku kwenda kufanya nini huko?"

Na mimi damu ikanipanda, lakini safari hii si juu yake. Nikamwambia, "Huyo sista ana simu?" Anayo. "Si ulimuahidi jibu? Basi mpe. Umpe lote. Akikukataa, uwe umekataliwa kwa maneno yako mwenyewe, siyo ya kuandikiwa."

Akapiga pale pale, sauti akaiweka nje ili nami nisikie. Akamwambia Sista Mkuu: fundi hakai hapa, anaweza kuchukua mwezi, na mimi bado si mfanyakazi wao rasmi, nakuambia tu kwa sababu uliuliza. Upande wa pili kukawa kimya. Mimi nimesikiliza ukimya mwingi kwenye simu, huu haukuwa wa hasira. Kisha sauti nzito ikasema, "Pale stoo nina mashine tatu za watu wenu zilizokufa, tunaegeshea ndoo za kudekia. Kila aliyeniuzia alisema siku hiyohiyo. Waambie wakubwa wako, zikinunuliwa nne, walete ya tano ikae kwangu kama akiba, nami nitasaini. Na aje anayesema hajui. Wengine wasiletwe."

Dada wa mashine alipoelezwa hivyo alikasirika mpaka saa ya chakula, baada ya chakula akafurahi, kwa sababu mauzo ni mauzo. Wakampa mkwe kazi.

Na ndipo aliponiambia kwa nini amekubali. Nilitegemea aseme wale ni watu wema, maana moyo wake mwepesi. Hakusema hivyo. Alisema, "Si wema, Mama. Lakini huku nitakayemdanganya nitamkuta kesho wodini, amesimama na mashine yake imekufa, ananitazama. Kwenye dawa, anayemeza sikuwahi kumwona. Alikuwa yuko nje kwenye benchi, nampita." Akatoa taarifa ya kuacha kazi kwa Bwana Tabasamu. Hakufukuzwa. Jirani yangu na asikie, hakufukuzwa!

Lakini madaktari walikuwa bado hawajaambiwa. Na kliniki yangu ilikuwa inakuja.

Bwana Tabasamu alijua. Alimpigia simu mkwe akiwa anaosha vyombo, na kwa sababu ya mapovu sauti ikawekwa nje tena, nikasikia kila kitu kupitia dirisha langu. Meno niliyasikia yamefunikwa. "Nasikia unataka kwenda kutuchafulia dawa kwa madaktari. Fanya hivyo nikuone. Huyo daktari yuko kwenye kamati ya ununuzi. Ukimwambia ulimdanganya, unafikiri atakununulia hata bandeji? Hao wa mashine watakutupa kabla hujapata kiti."

Mwanangu alipoambiwa akasema, "Mke wangu, ngoja basi mkataba wa zile mashine usainiwe. Halafu utasema."

"Utasainiwa mwezi ujao. Kliniki ya Mama ni kesho."

"Mama atabadilishiwa dawa. Hilo tu liseme."

Akamtazama mumewe. "Hayo ndiyo maneno ya bosi wangu," akamwambia. Mwanangu akatoka kwenda kushughulika na friji ya mtu.

Asubuhi tulikwenda pamoja. Hakubeba begi. Alikaa nami kwenye benchi, foleni yote, na hakuna aliyetupita. Jina langu likaitwa, tukaingia wote wawili. Daktari akamwona. "Aa, leo unaingia na mgonjwa!" Akaenda zake kwenye sinki kunawa. Mkwe hakusema kitu. Maji yakatiririka, bomba likafungwa, daktari akajifuta, akakaa, na yeye bado amenyamaza, mpaka daktari akamtazama.

"Daktari, nilikuambia kile kidonge hakivimbishi miguu. Nikakuambia mgonjwa akilalamika, ni uzee. Si kweli. Nilijua si kweli. Nilifundishwa kusema hivyo, nikasema." Akaiweka mezani ile karatasi ya ndani ya boksi, imekunjuliwa, mstari mmoja umepigwa wino.

Daktari akasoma. Akasoma tena. Uso wake ukabadilika, nikasema leo tumekwisha.

"Unajua unaniambia nini?" Sauti ilikuwa chini, mbaya kuliko kelele. "Nimewaambia watu hayo maneno. Mimi! Umenifanya mwongo mbele ya wagonjwa wangu. Na juzi umesimama mbele yangu unaniuzia mashine. Nikuamini kwa lipi sasa?"

"Usiniamini, daktari. Soma tu."

"Nitalipeleka hili kwenye kamati."

"Lipeleke."

Na hapo uvumilivu wangu ukafika mwisho. Nimefundishwa kuheshimu daktari, lakini siku ile nilimpa vidonge vyake.

"Daktari," nikasema, "yeye alikudanganya, haya, na amekuja kukuambia mwenyewe, hakuitwa. Lakini mimi mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti hiki nikakuambia miguu inavimba. Miguu ilikuwa hapa chini ya meza yako. Haikuhitaji karatasi wala mwakilishi. Ulinijibu huku unaandika. Hukuinama. Hukunivua kiatu. Huo uongo ulikuwa wa kwake, lakini macho, baba, si yalikuwa yako?"

Nikangoja daktari anifukuze. Akasukuma kiti nyuma, akazunguka meza, akapiga goti kwenye ile sakafu. Akanivua ndala. Akabonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba, akaachia, akaliangalia shimo lisivyotaka kujaa. Akabonyeza na mguu wa pili.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu boksi la kijani."

Akarudi mezani akaniandikia dawa nyingine, akanieleza nitakavyoimeza, taratibu, mpaka nikaelewa. Alipomaliza hakuiweka kalamu chini. Aliishika tu, anatazama mlango. Kisha akainuka, akaufungua.

Benchi lilikuwa limejaa, wengine wamesimama.

"Nani hapa anatumia kidonge cha presha cha boksi la kijani?"

Mikono ikainuka. Ilikuwa mingi.

"Kuna anayevimba miguu?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa mwanzoni, wa koti la suti lililopauka, akasema kwa adabu, "Daktari, mimi ulishaniambia ni uzee."

"Vua viatu, mzee," daktari akasema. "Wote mlioinua mikono, vueni viatu."

Yule mzee akajaribu kuinama, hakufika. Viatu vyake vilikuwa vya kamba, zimekazwa kwenye nyama, soksi imechora mstari. Akajaribu tena, akanyoosha mgongo, akatabasamu kwa aibu. Mkwe wangu akanipita mlangoni, akapiga magoti mbele yake pale korido, watu wote wakitazama, akaanza kuzifungua zile kamba.